Motaboti Iliyokwisha Tumika: Jumamosi Moja Kando ya Ziwa, Entebbe

Barabara itokayo Kampala kwenda Entebbe ina urefu wa kilometa 40 hivi, na msafiri mwenye haraka huimaliza asione kitu ila maduka, makanisa na msururu wa magari. Lakini mtu ashukaye Abayita Ababiri na kuifuata njia iteremkayo Kasenyi hulikuta ziwa limemfungukia ghafula, na pamoja nalo harufu ya mukene walioanikwa na makelele ya wachukuzi. Hapo Kasenyi imekuwa desturi ya miaka mingi kwamba abiria aendaye visiwani hapandi chomboni kwa daraja. Hubebwa mabegani na kijana wa miraba minne, aingiaye majini hadi kiunoni na kumtua ndani ya mashua kama gunia la mihogo, awe ni mwalimu, awe ni mchuuzi, awe ni bibi arusi.

Vyombo vya Kasenyi ni vya mbao, virefu, navyo ni vyombo vya kazi: huchukua samaki, kreti za soda na watu, kwenda na kurudi visiwa vya Ssese, ambavyo hesabu yake ni 84. Vyombo vya starehe viko mbele zaidi, Entebbe penyewe. Huko, kati ya bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898 na ncha ya Kigungu, mahali aliposhuka Padri Lourdel na Bruda Amans tarehe 17 Februari, 1879, zimo nyua za watu binafsi ambamo motaboti nyeupe za faiba hulala juu ya trela chini ya miembe, zimefunikwa maturubali. Nyingine zina tangazo la kuuzwa limebandikwa kiooni.

Sababu ya kuwako kwa motaboti hizo ni nyepesi. Entebbe ni mji wa wageni. Mgeni huja kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, hupenda ziwa, hununua chombo. Mkataba ukiisha huuza motokaa, friji na motaboti yake kwa juma moja, mara nyingi kwa mkono wa dalali, kisha hupanda ndege. Atakayebaki na chombo, pamoja na siri zake zote, ni mwenyeji.

Wala si jambo geni kwa chombo kuja katika ziwa hili kwa nchi kavu. Mwaka 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua yake, Lady Alice, ikiwa imegawanywa vipande na kuchukuliwa na wapagazi. Mwaka uliofuata akaviunganisha vipande hivyo kusini ya ziwa na kulizunguka lote. Siku hizi motaboti hushushwa Mombasa, hupandishwa juu ya lori, hupita Malaba au Busia, na hatimaye huteremshwa katika maji yaliyo meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho kina maana yake, kama itakavyoonekana.

Katika ua mmoja wa namna hiyo, Jumamosi moja saa mbili ya asubuhi, aliingia sajini mstaafu wa polisi pamoja na mkewe na fundi mmoja mzee, mzaliwa wa Ssese. Sajini alikuwa ametumika zaidi ya miaka 30, na kiinua mgongo chake kilikuwa benki, hakijaguswa ila kwa karo ya mtoto wa mwisho. Nia yake ilikuwa kununua motaboti ya kuwatembeza jamaa zake siku za mapumziko, na siku nyingine kuwapeleka wageni kutazama sokwe mtu katika kisiwa cha Ngamba, mwendo wa kilometa 23 hivi kutoka Entebbe. Bei iliyotajwa na dalali ilikuwa karibu sawa na kiinua mgongo chote.

Chombo chenyewe kilipendeza. Kilikuwa na urefu wa futi 18, cheupe, chenye mstari wa buluu ubavuni, viti vya ngozi bandia, na mashine ya petroli ya nguvu ya farasi 40 imening'inia nyuma. Dalali alikivua turubali kwa mkono mmoja, kama mtu afunuaye sinia ya pilau.

“Afande, hii ni kama mpya,” alisema. “Mwenyewe aliitumia Jumapili peke yake.”

“Na siku sita nyingine ilikuwa inalala wapi?” aliuliza mama.

Dalali alicheka, wala hakujibu. Swali hilo lilikuwa la haki. Motaboti iliyolala juu ya trela, kavu na chini ya kivuli, huweza kuwa na umri wa miaka 20 na bado ikawa nzima. Ile iliyoachwa majini mwaka baada ya mwaka huchoka upesi. Wengi hudhani kwamba maji baridi ya ziwa, kwa kuwa hayana chumvi, hayadhuru kitu. Ni kweli kwamba chumvi ya Mombasa ndiyo ilayo vyuma, na mnunuzi akiona unga mweupe kwenye aluminiamu ya mashine, au skrubu zilizolika vichwa, ajue chombo kimetoka baharini bila kuoshwa. Lakini kwa faiba mambo hugeuka. Maji yasiyo na chumvi hupenya ile ngozi ngumu ya juu kwa urahisi kuliko maji ya bahari, na yakiisha penya hukaa ndani na kuinua malengelenge madogo madogo chini ya mstari wa maji. Malengelenge machache si ugonjwa wa kuua. Yakiwa yameenea tumbo zima, na yakitoboka yanatoa maji yenye harufu kali mfano wa siki, fundi mwenye busara huvaa kofia yake akaenda zake.

Mzee fundi hakuanza na tumbo la mashua. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akaifunua kifuniko, akaiwekea kiganja. Ilikuwa na uvuguvugu.

“Hii imeamka kabla yetu, ssebo,” alimwambia dalali kwa upole. “Iache ipoe. Tutarudi kwake.”

Jambo hilo ni dogo, lakini wanunuzi wengi hulipita. Mashine mbovu iliyokwisha kupashwa moto huwaka kwa mvuto mmoja mbele ya mteja. Mashine hiyo hiyo ikiwa baridi humtoa mtu jasho. Kwa hiyo mnunuzi hufika mapema kuliko saa aliyopatana na muuzaji, na akikuta mashine ina joto husubiri.

Wakati wa kusubiri ndipo mwili wa chombo ulipokaguliwa. Mzee alitoa bisibisi mfukoni, akaigeuza, akaanza kugonga faiba kwa mpini wake, kuanzia omoni kuelekea nyuma, gonga moja kila upana wa kiganja, sikio limeinama. Faiba nzima hujibu kwa sauti kavu, kali. Mahali ambapo tabaka zimeachana, au ambapo ubao wa ndani umeoza, sauti huwa nzito, kama kugonga papai bivu. Aligonga karibu nusu saa. Sajini, ambaye kwa kazi yake ya zamani alikuwa amezoea kuona watu wakihojiwa, alisimama kimya nyuma yake. Mama alikwisha kuingia chomboni na alikuwa akitembea juu ya sakafu bila viatu, kwa visigino, kila pembe. Hilo nalo alikuwa ameambiwa alifanye na mzee. Sakafu inayobonyea chini ya kisigino imeoza chini yake, hata kama zulia la juu ni jipya. Hasa kama zulia la juu ni jipya.

Sakafu ilikuwa ngumu. Tumbo lilikuwa na mikwaruzo ya mchanga, na nyufa nyembamba mfano wa utando wa buibui kwenye omo, alama ya kuwahi kugonga daraja la gati. Hazikuwa za kutisha. Nyuma, kwenye ubao unaoibeba mashine, sauti ilibadilika mahali pamoja, upana wa kiganja tu, chini ya tundu mbili za skrubu ambako zamani kulifungwa chombo cha kupimia kina. Mzee aligonga hapo mara tatu, akanyamaza, akaendelea.

Ubao huo wastahili maneno zaidi, maana katika motaboti za namna hii ndio roho ya chombo. Kwa nje ni faiba tupu. Ndani yake, katika chombo cha kizamani, mna plaiwudi. Mashine nzima, pamoja na nguvu yake yote ya kusukuma, hushikwa na ubao huo peke yake. Kila tundu la skrubu lisilozibwa vizuri ni mlango wa maji, na maji yakiingia katika plaiwudi hayatoki. Uozo huenda ndani kwa ndani miaka mingi, rangi ya nje iking'aa.

Mashine ilipopoa, iliwashwa. Iliwaka kwa mvuto wa tatu. Moshi ulikuwa wa kawaida kwa mashine inayochanganyiwa oili, na ule mshipa wa maji utokao ubavuni, ambao mafundi kwa utani huuita mkojo wa mashine, ulitoka kwa nguvu mara tu bomba la bustani lilipofunguliwa kwenye matundu yake ya chini. Ukitoka kwa kudondoka tu, pampu ndogo ya mpira iliyomo mguuni imechoka, au njia zimezibwa. Katika ziwa hili mzibaji mkubwa ni gugu maji, lililoingia katika maji ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na halijaaga.

Mzee alizima mashine, akafungua skrubu ya chini kabisa ya mguu wa mashine na kuyapokea mafuta ya gia kwa kidole. Mafuta safi huwa ya rangi yake ya asili au meusi kidogo kwa uzee. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, na gia zimo katika kuliwa. Haya yalikuwa safi. Alizungusha rafadha kwa mkono, akatazama nyuma yake kama kumenasa uzi wa nyavu, ambao hukata mpira wa kuzuia maji, hakuuona. Plagi zilitolewa, kipimo cha mgandamizo kikafungwa kwenye silinda moja kisha ya pili. Hesabu zake zenyewe hutofautiana kwa kila aina ya mashine. Linaloangaliwa ni kwamba silinda zisipishane kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Hizi zilikuwa karibu sawa.

“Mashine ni nzima,” alisema mzee, na dalali alinyoosha mabega.

Hapo sajini akatoa kijitabu chake. Aliandika namba iliyo kwenye kibao cha mashine, akaisoma kwa sauti, akaomba risiti ya kununulia ailinganishe. Mashine za mashua huibwa sana katika ziwa hili, na wavuvi huvamiwa usiku kwa ajili yake. Mtu anunuaye mashine yenye kibao kilichokwanguliwa hununua pia kesi. Kisha akainama upande wa kulia wa ubao wa nyuma, ambako motaboti zitokazo Marekani huwa na namba ya mwili iliyochorwa humo humo katika faiba, herufi na tarakimu 12, na zile mbili za mwisho huonyesha mwaka wa toleo. Dalali alikuwa amesema chombo kina miaka tisa. Namba ilisema 16. Dalali alisema labda mwenyewe alihesabu tangu alipokinunua.

Namba zililingana na karatasi, na hilo lilikuwa jema. Lakini leseni ya chombo ilikuwa imekwisha muda, na sheria ya Uganda ya mwaka 2021 kuhusu usafiri wa majini inataka chombo kiandikishwe na kupewa leseni kabla ya kuchukua watu. Mnunuzi hurithi deni hilo pia.

“Kinachukua watu wangapi?” mama aliuliza.

“Kumi na wawili, mama, bila taabu.”

Karibu na usukani kulikuwa na kibao kidogo cha chuma kilichofifia. Mama alikipangusa kwa kanga yake. Kiliandikwa watu saba.

Hakuna aliyesema neno kwa kitambo. Kila mtu wa pwani hiyo anaikumbuka tarehe 24 Novemba, 2018, ambayo nayo ilikuwa Jumamosi. Jioni hiyo mashua ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama upande wa Mukono ikiwa imejaa watu waliotoka kustarehe, na zaidi ya watu 30 walikufa. Serikali ilieleza kwamba chombo kilikuwa kibovu, kilipakia kupita kiasi, na hakikuwa na leseni. Polisi na askari wa majini waliopiga mbizi siku zilizofuata hawahitaji kuelezwa maana ya kibao kilichoandikwa watu saba.

Majaribio ya majini yalifanywa saa nne, upepo ukiwa bado mdogo. Wote wanne walivaa majaketi ya kuokolea, ambayo mama alikuwa amekuja nayo kutoka nyumbani, kwa kuwa yale ya chomboni yalikuwa yameoza kamba. Mzee aliagiza pia madumu mawili ya maji yapakiwe, ili chombo kibebe uzito mfano wa jamaa nzima. Motaboti iliyojaribiwa na watu wawili wembamba hukimbia kama swala, na siku ya watoto na chakula hutambaa. Tena kuna habari ya kimo. Kila meta 300 kutoka usawa wa bahari huondoa asilimia 3 hivi ya nguvu ya mashine kwa wepesi wa hewa, hata mashine ya farasi 40 ifikapo Entebbe hufanya kazi ya farasi 36 au pungufu. Aliyeiona ikipaa Mombasa asishangae, wala asikubali kuuziwa mashine ya pili kwa sababu hiyo. Aghalabu rafadha yenye mkunjo mdogo zaidi hutosha.

Chombo kiliondoka vizuri. Usukani ulikuwa mwepesi kwenda kulia na mzito kidogo kurudi kushoto, waya wake ukitaka grisi au kubadilishwa. Dalali alifungua moto wote, omo ikainuka kisha ikalala juu ya maji, na Entebbe yote ikawa inarudi nyuma yao: miti ya bustani, mapaa ya hoteli, ndege moja ikishuka uwanjani. Sajini alikuwa akicheka kama kijana. Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma, uso ameugeuzia mashine.

“Baba,” alisema, “njoo utazame hii inavyoitikia.”

Kweli mashine ilikuwa ikiitikia. Kila walipopanda wimbi, kichwa chake kilirudi nyuma kidogo na kusimama tena, na juu ya ubao, pale ulipokutana na sakafu ya pembeni, ufa mwembamba kama uzi ulifunguka na kufumba. Mzee alimwashiria dalali apunguze mwendo. Walirudi polepole, karibu na ukingo.

Walipokipandisha chombo kwenye trela, maji ya ngama chini ya sakafu yalijaza kikombe kimoja tu, si kitu. Miguu yao yote ilikuwa imelowa, na mama aliwakumbusha kuikausha kwa taulo hapo hapo, maana ukingo huo una konokono wa kichocho. Mzee aliinamisha mashine juu, akaushika mguu wake kwa mikono miwili na kuusukuma juu na chini kwa uzito wa mwili wake. Ubao wote wa nyuma ulicheza. Ndipo alipochukua bisibisi, safari hii kwa upande wa ncha, akaifungua moja ya zile skrubu mbili za zamani. Ilitoka bila nguvu yoyote. Nyuma yake kikatoka kijito cha maji ya rangi ya chai, kikateremka juu ya faiba nyeupe hadi mchangani.

Dalali hakuwa mtu mbaya. Alishangaa kweli, au alijua kushangaa. Alipunguza bei papo hapo kwa theluthi moja. Sajini alimtazama mzee, na mzee akamhesabia kwa vidole: kuiteremsha mashine, kukata faiba kwa ndani, kuitoa plaiwudi yote iliyooza, kukausha, kuweka mpya, kufunika tena kwa faiba na gundi yake ghali, majuma manne ya kazi kama mvua haikunyesha. Na ikiwa uozo umekwisha kuingia katika mataruma yaliyo chini ya sakafu, ambayo hayawezi kuonekana bila kupasua, basi hesabu hiyo haina mwisho. Sajini alitaja nusu ya bei ya kwanza. Dalali alipiga simu, akazungumza mbali nao kwa muda mrefu, akarudi akitikisa kichwa. Mwenye chombo alisema yupo mteja mwingine anayekuja saa sita.

Sajini alibaki ameweka mkono juu ya usukani. Theluthi iliyopunguzwa haikuwa fedha ndogo, na mashine peke yake ilikuwa na thamani. Mama hakusema kitu. Alikuwa akiyakunja majaketi moja moja na kuyatia kwenye mfuko. Mwishowe sajini aliwashukuru watu wote kwa heshima, akamlipa mzee ujira wake, na wakaondoka kwa miguu kuelekea njia kuu ya Kitoro.

Hawajafika langoni, motokaa ndogo ikaingia. Alishuka bwana mmoja kijana aliyevaa shati la ofisini, mkewe, na watoto watatu waliokwisha kuvalishwa kaptura za kuogelea. Watoto walikimbilia chombo cheupe wakipiga kelele. Dalali alikuwa amekwisha kuirudisha skrubu mahali pake na kupangusa maji.

Sajini alisimama. Kumharibia mtu biashara yake mbele ya mteja si adabu, naye alikuwa amekula kahawa ya ua huo. Alitazama chini kwa kitambo, kisha akampa mkewe kofia yake amshikie, akarudi.

“Bwana,” alimwambia yule kijana baada ya kusalimiana, “kabla ya kulipa, ushike mguu wa mashine hii kwa mikono yako miwili, uusukume juu.”